Mwewe kaanguka uwani: mfanye hivi

Hapa Wete, Pemba, naletewa zaidi mwewe, wengi wamepigwa manati kwa kesi ya vifaranga. Bundi huja usiku, na aliyemleta hataki hata kukaa. Uchuro, wanasema. Mimi napokea tu.

1. Miguu kwanza. Watu huogopa mdomo, kumbe kinachoua ni kucha. Mtupie kanga imfunike na kichwa, atatulia. Bana mabawa kwa juu, kisha shika miguu yote miwili. Akikukamata mkono, usivute, maana ukivuta ndiyo anazidi kukaza. Unyooshe mguu wake, vidole vitalegea vyenyewe.

2. Boksi la katoni lenye matundu, na kitambaa chini. Si tenga wala kizimba cha waya: manyoya ya bawa yatakatika, na kuota mengine ni kungoja miezi. Liweke penye giza, mbali na watoto, redio na paka. Ipigie ofisi ya misitu, huyu si kuku wako.

3. Usimnyweshe, usimlishe. Hapa ndipo tunapowaua. Niliwahi kuletewa kozi, ndege mwindaji kama mwewe, aliyenyweshwa maji kwa kijiko njiani. Mfunue ndege mdomo utaona tundu la pumzi liko hapo hapo nyuma ya ulimi. Yale maji yalishuka mapafuni. Alikoroma mpaka alfajiri, kisha kimya.

Mpapase kidari. Mfupa wa katikati ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, ana njaa ya siku nyingi. Huyo nyama itamshinda tumboni. Kwanza apate joto, na daktari wa mifugo amrudishie maji mwilini.

4. Bawa linaloning'inia lifungwe kwa bandeji pamoja na mwili, bila kubana kifua. Ndege hupumua kwa kuinua kidari, ukikaza, umemnyonga. Mpeleke siku hiyo hiyo. Mfupa wa ndege huunga upesi, wiki tatu hivi, na ukiunga kombo basi tena. Aliyenasa ulimbo: mafuta ya kupikia kwanza, sabuni ya vyombo baadaye.

5. Akishapata nguvu, mpe panya mzima, na manyoya na mifupa yake, asiwe wa sumu. Baadaye atatapika kidonge cha manyoya, na ukikiona ujue tumbo linafanya kazi. Lakini yule bundi mdogo wa Pemba, ambaye duniani kote yuko kisiwani hapa tu, chakula chake ni wadudu, mtafutie panzi. Usimpe jina, usimsemeshe. Akizoea watu, atamfuata na mwenye manati.

6. Kabla ya kumwachia, aruke ndani ya banda refu, kijiti hadi kijiti, asihemee mdomo wazi. Mwewe mrushe asubuhi, pasipo na kundi la kunguru. Bundi baada ya magharibi, pale pale alipookotwa.

Wa mwisho nilimwachia kwenye mikarafuu nyuma ya nyumba ya jirani. Alikaa tawini kidogo, akageuza kichwa, akaondoka bila sauti. Jirani akafunga dirisha.