Shajara ya kusomea The Great Gatsby: tulivyoiandika mimi na mpwa wangu

Mpwa wangu anasoma chuo huko Minnesota, jimbo alikozaliwa F. Scott Fitzgerald, mwandishi wa riwaya ya The Great Gatsby, mwaka 1896. Juzi kanipigia: "Mjomba, tumeambiwa tusome The Great Gatsby na kila sura tuiandikie shajara ya tafakuri. Nimepeleka sura tatu, zote zimerudi. Eti nimeandika muhtasari." Nikacheka, maana yalishanikuta. Tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1: Daftari. La karatasi, kaunta buku nene, na kalamu ya wino. Penseli hapana. Simu ndiyo kabisa usiiguse: kwenye simu mtu anafuta bila hata kujijua, na kazi hii inataka usifute.

Hatua ya 2: Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nakili maneno ya kitabu na namba ya ukurasa, kulia jibu. Weka tarehe.

Hatua ya 3: Huo upande wa kulia. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nivumilieni.

Mwisho wa sura ya pili Tom Buchanan, mume wa Daisy, anamvunja pua Myrtle, hawara yake, kwa kiganja. Mpwa wangu alikuwa ameandika: "Tom anampiga Myrtle kwa sababu anataja jina la Daisy." Sawa, lakini hayo kitabu kimeshayasema. Nikamuuliza, wewe ulipofika hapo ulifanyaje? Akanyamaza kidogo. "Nilirudi juu, Mjomba. Nilidhani nimeruka mstari. Pua inavunjwa kwa sentensi moja, mara taulo zina damu." Nikamwambia hilo ndilo uandike, kisha ujiulize kwa nini Nick, anayetusimulia, amelipita haraka namna ile.

Andika kabla ya kufungua sura inayofuata, na kabla ya kusoma uchambuzi wa mtu yeyote kwenye intaneti. Ukishausoma, unayoandika si yako tena. Sentensi ikianza na "mwandishi alitaka kuonyesha", ikate. Na kama tukio limekukumbusha shangazi yako, mtaje, ila urudi upande wa kushoto useme ni neno gani lililomleta. Bila hivyo kurasa tano zitakuwa za shangazi na Gatsby hayumo.

Kubwa kuliko yote: usirekebishe ya nyuma. Mimi mara ya kwanza nilitumia Jumamosi nzima kunakili shajara yangu upya kwa mwandiko mzuri, nikiondoa kila nilipokosea. Katika sura ya kwanza Nick anajisifu kwamba hana haraka ya kuhukumu watu, nami nilikuwa nimeandika kwamba namwamini. Mwisho wa sura ya tatu anajihesabu miongoni mwa watu wachache waaminifu aliowahi kuwajua, nikaanza kumtilia shaka. Kwenye nakala safi nikajifanya nilimshtukia tangu ukurasa wa kwanza. Ikapendeza, na haikuwa na kitu ndani. Ukibadili mawazo, tumia wino wa rangi nyingine, andika pembeni na tarehe ya siku hiyo, la zamani liache lilivyo.

Hatua ya 4: Tafuta maandishi yaliyomo ndani ya riwaya yenyewe. Hii ni yangu, mwalimu wake hakuiagiza. Katika sura ya nne Nick anaorodhesha wageni wa karamu za Gatsby kwenye ratiba ya treni ya Julai 5, 1922. Sura ya tisa baba yake Gatsby anatoa kitabu cha zamani ambamo mwanawe, akiwa kijana, alijipangia siku yake kuanzia kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Tarehe ni Septemba 12, 1906. Yaweke kwenye ukurasa mmoja, halafu hesabu waliofika mazikoni kwa Gatsby: Nick, baba, mchungaji, watumishi wachache, tarishi wa posta, na yule mtu wa makamo wa miwani mikubwa aliyekutwa kwenye maktaba ya Gatsby katika sura ya tatu. Mimi niliandika kurasa nne bila kunyanyua kalamu.

Hatua ya 5: Insha. Chagua kurasa tatu ulizokosea zaidi, uanze nazo. Mpwa wangu ameanza na ile ya siku aliyomwamini Nick.