Ndege Imefutwa Ulaya? Dai Fidia Hivi

Kazi yangu ni kuwaandikia abiria barua za madai, na kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni hili: mtu karudishiwa nauli, akadhani yameisha. Nauli ni haki yako, ulilipia safari hukusafirishwa. Fidia ni fungu jingine, la usumbufu, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 imeyatenganisha mafungu hayo mawili.

1. Tazama safari ilianzia wapi. Ukiondokea uwanja wa ndani ya Umoja wa Ulaya, unalindwa hata shirika likiwa la kigeni. Ukitokea nje kuingia Ulaya, unalindwa iwapo shirika linalorusha ndege ni la Ulaya. Nimesema linalorusha, jina lililo juu ya tiketi huweza kuwa la shirika jingine kabisa.

2. Hesabu siku. Ukijulishwa siku 14 au zaidi kabla ya safari, fidia hakuna. Chini ya hapo unadai, isipokuwa umepewa ndege mbadala yenye saa zinazokaribiana sana na za awali.

3. Omba sababu kwa maandishi, ukiwa bado uwanjani. Hapa ndipo madai mengi hupona au hufa. Ujumbe wa simu utakuambia "sababu za kiuendeshaji", maneno yasiyosema kitu. Uhifadhi hata hivyo, upige picha na ubao wa safari, kisha uulize kaunta: ni hali ya hewa, ni hitilafu, au ni wafanyakazi? Dhoruba au mgomo wa waongoza ndege huweza kuliokoa shirika lisilipe fidia. Hitilafu ya kawaida ya mitambo hailiokoi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2008. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa shirika, si wako.

4. Ukisubiri ndege mbadala, dai chakula, na hoteli ikibidi kulala. Hata dhoruba haiondoi wajibu huu. Wakikataa, jilipie kwa kiasi na utunze risiti.

5. Chagua kurudishiwa nauli, ndani ya siku 7, au kusafirishwa kwa njia nyingine. Vocha si lazima uipokee. Kabla ya kutia saini, soma maandishi madogo. Nimeshaona vocha iliyofuta dai zima.

6. Andika dai, fupi:

"Safari namba … ya tarehe …, Amsterdam hadi New York, ilifutwa nikijulishwa siku 2 kabla. Naomba fidia ya euro 600 kwa mujibu wa Kanuni 261/2004, ilipwe benki. Mkikataa, nielezeni sababu mahususi pamoja na ushahidi."

Fidia hupimwa kwa umbali wa safari: hadi kilomita 1,500 ni euro 250. Zaidi ya 3,500 ni 600. Katikati ni 400, sawa na safari yoyote ndefu inayoanza na kuishia ndani ya Umoja. Bei ya tiketi haihusiki.

7. Wakikaa kimya au wakikataa bila ushahidi, peleka faili kwa mamlaka inayosimamia haki za abiria wa ndege katika nchi ulikoondokea, au, kama ulitokea nje ya Umoja, katika nchi ya Umoja uliyokuwa ukielekea. Muda wa kwenda mahakamani hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo usilaze faili.