Moshi jikoni ni kuni unapoteza: anza na kukausha, jiko lifuate

Mwezi wa tano mama mmoja jirani yetu huku upande wa Vihiga, magharibi mwa Kenya, aliniita nikamwangalilie jiko lake, alikuwa ameshaamua kulibomoa. Alikuwa amelipa fundi, akanunua laina ya udongo, ule mtungi wa ndani ya jiko unaoshika moto, akawekewa na bomba la mabati la kutoa moshi, na bado jikoni kwake watu wanakohoa na macho yanalia vile yalikuwa yanalia wakati wa mafiga matatu. Aliniambia, mwanangu, hii pesa ningenunua mbolea.

Jiko lenyewe lilikuwa sawa kabisa. Nikamuuliza kuni zako ziko wapi, akanionyesha bluegamu, yaani mkaratusi, imeegemezwa ukutani nje, imekatwa kama wiki mbili hivi, inanyeshewa kila jioni. Nikachukua kipande kimoja nikakipasua na shoka, ndani ukishika mkono unabaki na unyevu. Na ile iliyokuwa motoni ilikuwa inatoa povu kwa ncha, shiii, unajua ile sauti. Nikaenda kwangu nikaleta mzigo mdogo wa kuni za mti wa grevilia nilizokata Januari, tukawasha upya, na hata maji ya chai hayajachemka tayari yule mama ametoka nje kuangalia juu ya bomba kama kweli moto unawaka, kwa sababu haoni moshi.

Hiyo ndiyo sababu naandika. Watu wengi tunauliza jiko gani zuri, bei gani, fundi yuko wapi, na hakuna mtu anauliza kuni zimekauka kiasi gani, na hapo ndipo mambo yote yanaharibikia.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hivyo ukibeba mzigo wa kilo 20 kichwani kutoka huko mbali, karibu kilo 10 umebeba maji, halafu ukifika nyumbani moto wako unaanza kazi ya kuchemsha hayo maji ya ndani ya kuni kabla haujagusa sufuria. Na wakati unafanya hiyo kazi unakuwa baridi. Kuni ikipata joto inatoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inawaka tukaona mwali, lakini moto ukiwa baridi au hewa ikiwa kidogo gesi inapanda juu bila kuungua, na hiyo ndiyo tunaita moshi. Umewahi kuona ukipuliza jiko linalofuka ghafla moshi wote unashika moto? Basi ulikuwa unatazama chakula chako kikitoka dirishani. Moshi ni kuni ambayo umeikata, umeibeba au umeinunua, na haijakupikia chochote.

Kuni nzuri ya kuchoma inafaa iwe na maji chini ya asilimia 20. Hauhitaji mashine ya kupima. Gonganisha vipande viwili, zikilia kama ubao mkavu, ka! ka!, ziko tayari, zikilia butu bado. Angalia ncha, kuni kavu ina nyufa zinatoka katikati kama mionzi, na gamba linabanduka lenyewe. Ukiibeba unashangaa vile imekuwa nyepesi. Mimi napenda pia kupasua kipande kimoja na kuweka upande wa ndani kwa shavu, ukisikia ubaridi jua kuna maji.

Na hapa kwetu magharibi ni lazima tupange na mvua, kwa sababu mvua ndefu inaingia mwezi wa tatu na haituachi haraka. Kata matawi Desemba au mapema Januari wakati jua ni kali. Pasua siku hiyo hiyo, usingoje, kwa sababu gamba linazuia maji kutoka, gogo zima linaweza kukaa mwaka na ndani bado bichi, lakini ukipasua unene wa mkono wa mtoto linaanza kukauka pande zote. Wacha zipigwe na jua mpaka mwisho wa Februari, halafu zipate paa kabla tone la kwanza. Miti mizito kama bluegamu ipe miezi sita au zaidi, hiyo haiharakishwi.

Banda la kuni si kitu cha pesa. Nguzo nne, mabati mawili ya zamani, chini unalaza fito mbili ili kuni zisiguse udongo, juu ya hizo fito unapanga kuni zikiwa na nafasi katikati. Pande uziache wazi upepo upite. Kosa ninaloona sana ni watu kufunika kuni na karatasi ya nailoni mpaka chini, hapo umezifungia na jasho lake, zinaota ukungu. Kosa lingine ni kuziegemeza kwa ukuta wa nyumba, mchwa wanapanda hapo hapo wanaingia kwa dari. Halafu kuwe na kawaida ya kutoa kuni za kesho leo jioni na kuziweka karibu na jiko, si juu yake, zimalizie kukauka na joto linalobaki. Usiziache hapo moto ukiwa unawaka na hakuna mtu, nyumba zimechomeka hivyo.

Najua kuna mtu atasema siku hizi ni gesi. Kama uko na uwezo wa gesi, nunua, mimi sipingi hata kidogo, inapumzisha mapafu ya watu wa nyumba. Lakini sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapika kwa kuni, na huku mashambani ni karibu kila boma, hata wenye mtungi wa gesi maharagwe wanarudisha kwa kuni. Na hii si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Ni nimonia kwa watoto, ni mapafu kuharibika pole pole kwa akina mama, ni mtoto wa jicho. Mashangazi zangu wawili wamepikia watu miaka arobaini kwa jiko lisilo na dirisha, na mimi nikiwasikia wakipumua usiku sihitaji kusomewa ripoti.

Sasa jiko. Kuna aina mbili ambazo watu huku wanaweza kuzipata bila shida. Ya kwanza ni ile ya laina ya udongo uliochomwa, wengine wanaiita jiko kisasa na wengine Upesi, wanawake wa Keyo huko nje ya Kisumu wamefinyanga hizo laina miaka mingi. Laina inawekwa sakafuni inazungushiwa mawe na udongo. Inashika joto karibu na sufuria kwa hivyo kuni zinapungua sana ukilinganisha na mawe matatu, lakini kwa kawaida haina bomba, kwa hivyo dirisha ni lazima, na ni bora madirisha mawili yanayotazamana au uache nafasi kati ya ukuta na mabati.

Ya pili ni roketi, ambayo ndani yake iko na umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa mlango wa chini na moto unapanda kwa njia nyembamba ya juu. Mmarekani Larry Winiarski ndiye aliyeitengeneza hiyo kanuni mwaka wa 1982. Ujanja wake ni kwamba ile gesi ya kuni niliyosema inapata joto kali na muda wa kuungua kabla haijafika kwa sufuria. Unaweza kuijenga na matofali na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, na kati ya ukuta wa ndani na wa nje unajaza majivu makavu yazuie joto kutoroka. Mlangoni kwake weka kibati kidogo, kuni zilale juu ya hicho kibati na hewa ipite chini yake. Hicho kibati watu wanakitoa eti kinasumbua, halafu wanashangaa moto unazima! Hewa lazima ije kutoka chini ya kuni, ukiziba mlango wote na kuni umelinyima jiko pumzi.

Sufuria isikae imeziba kabisa, iache nafasi kama upana wa kidole moto upite chini na pembeni. Jiko jipya la udongo liache likauke wiki mbili tatu kivulini, halafu siku za kwanza washa moto mdogo tu, ukiliwasha na nguvu siku ya kwanza litapasuka na utamlaumu fundi bure.

Kama kuna bomba, litoke mpaka lipite kilele cha paa, likiishia chini ya hapo upepo unarudisha moshi ndani. Mahali linapita kwenye paa la nyasi au mbao za dari pawe na nafasi ya kutosha, usiruhusu bomba la moto liguse mbao. Na lisafishwe kila mwezi. Kuni mbichi zinaacha ndani ya bomba masizi mazito yanayong'aa kama lami, na hayo yanashika moto, hiyo ni hatari ambayo wengi hawaijui.

Kuwasha ni vijiti vyembamba na magunzi ya mahindi makavu, halafu kuni za unene wa kidole gumba, mbili tatu, unasukuma ndani vile zinaungua. Usijaze. Moto mdogo mkali unapika haraka kuliko moto mkubwa mvivu, na ukiona mwali wa njano unaochangamka na juu hakuna moshi uko sawa. Funika sufuria. Maharagwe na mahindi ya githeri yaloweke usiku kucha, hapo tu umeokoa saa nzima ya moto. Mtoto mdogo asibebwe mgongoni ukipika, najua ni ngumu kama hakuna mtu wa kukushikia, lakini hata akikaa mlangoni na mkubwa wake kuna tofauti.

Kuna vitu havifai kuingia jikoni hata siku moja. Karatasi ya nailoni na chupa za plastiki za kuwashia, tafadhali, huo moshi ni sumu na unaingia kwa chakula. Mbao zilizopakwa rangi pia. Na hii nataka muisikie vizuri: nguzo za zamani za ua au za stima zilizowekwa dawa, zile zina rangi ya kijani kijani au nyeusi. Dawa ya kijani kwa kawaida ina shaba, kromu na aseniki, na ukichoma, aseniki inaingia hewani na nyingine inabaki kwa majivu, halafu majivu yale unamwagia sukuma wiki ya watoto. Ile nyeusi nayo ni mafuta ya lami, moshi wake ni mbaya vile vile. Usichome, hata kama umepewa bure. Ule mti wa ua unaotoa maziwa meupe pia uache, moshi wake unachoma macho.

Na wale wa Molo na Mau Narok ambako baridi inauma usiku, jiko la makaa halilali na watu. Makaa yakiisha kufuka yanaonekana safi lakini yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inakulaza na hauamki. Pasha nyumba moto mapema madirisha yakiwa wazi kidogo, ukienda kulala jiko litoke nje.

Kuni zitoke wapi? Mashamba yetu huku ni madogo, wengi tuna nusu ekari, lakini mpaka wa nusu ekari ni mrefu kuliko unavyofikiri. Panda miti midogo ya kaliandra kwa mpaka na kwa kingo za matuta, mita moja moja. Mwaka mmoja unaanza kukata, unaacha kisiki cha kama mita moja na kinachipuka tena na tena. Majani yake ni chakula cha ng'ombe, kilo 3 za majani mabichi zinakaribia kilo moja ya deri mili, kile chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na vijiti vikikauka ndio hizo kuni za unene wa kidole gumba roketi inataka. Grevilia punguza matawi ya chini uache theluthi ya juu, mti unaendelea kukua kwa mbao na wewe unapata kuni kila mwaka. Lusiola, ile Waluo wanaita siala, hiyo ni yetu ya kienyeji, inachipuka vizuri ikikatwa na haisumbui mahindi sana. Bluegamu inakua haraka lakini iweke mbali na chemchemi na mto, inakunywa maji kupita kiasi.

Majivu ya kuni safi usitupe. Udongo wetu wengi una asidi, majivu yanaipunguza na yanaleta potasiamu, yanyunyize kidogo kwa migomba na mboga baada ya kupoa kabisa, siku mbili kwa karai la chuma kwa sababu kaa dogo linaweza kujificha ndani. Usichanganye na mbolea ya CAN, yurea wala samadi mbichi, nitrojeni itapaa hewani. Kwa majani chai usiweke kabisa, chai inataka huo udongo wa asidi, na kwa viazi pia hapana, ngozi yake itakuwa na upele na sokoni hawatanunua. Yanayobaki mwaga kwa choo cha shimo, harufu inapungua.

Yule mama jiko lake bado liko. Wiki iliyopita nilipita nikakuta vijana wake wanapigilia mabati juu ya nguzo nne nyuma ya nyumba, na ile bluegamu imepasuliwa yote imelala juu ya fito. Nimemwambia asiiguse mpaka mwezi wa kumi na mbili, na kwa sasa nimempelekea mizigo mitatu ya grevilia aanze nayo.