Usukani wa Land Rover 109 Ukilegea, Boksi Liache Mwisho

Vijana wa gereji wakiambiwa usukani wa 109 una mchezo, wanakimbilia boksi la usukani, lile lenye gia chini ya mti wa usukani. Wanakaza skrubu ya pembeni, wanafuta mikono, wanadai hela. Gari linaondoka na usukani mgumu, na barabarani linatangatanga vilevile. Ninazozisema hapa ni Series III, za 1971 hadi 1985. Huku Iringa bado zinabeba mbao.

Pima upepo kwanza. Mbele ni 25 psi tu. Wenye mizigo hujaza matairi yote sawasawa na ya nyuma, halafu wanashangaa gari linarukaruka na kufuata kila mfereji wa barabara.

Upepo ukiwa sawa, zima injini, magurudumu yakiwa chini. Mtu akae ndani azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kupumzika. Wewe ingia uvunguni ushike boljointi, vile viungo vya mpira wa chuma kwenye ncha za rodi za usukani, moja moja kwa kiganja. Ziko sita. Iliyokufa itagonga mkononi kabla jicho halijaiona. Kabla hujaifungua, pima urefu wa rodi na uandike, maana boljointi za rodi ndefu inayounganisha magurudumu ndizo zinazopanga alaimenti: mbele ya rimu pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Hapohapo tazama rilei, ule mtungi uliosimama ndani ya chesisi mbele, unaopokea mwendo kutoka kwenye boksi na kuupeleka magurudumuni. Mkono wa juu ukigeuka na wa chini ukachelewa, kuna kilicholegea. Ikikauka oili, usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Fungua boliti za juu, mimina oili taratibu, hewa ipate pa kutokea. Ila usiipasue rilei kama huna kifaa chake. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na ikichomoka inavunja taya.

Sasa kingpini, zile pini ambazo gurudumu la mbele linageukia, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiruka shimo kwenye kasi na usukani ukaanza kutetemeka mpaka usimamishe gari, usikubali kuuziwa shokapu ya usukani: inaficha ugonjwa. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, piga jeki mbele, egemeza ekseli kwenye stendi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu, kitovu cha gurudumu. Ukibaki, ni kingpini: bushi ya juu imekwisha au beringi ya chini imelika. Shimu, vile vibati vyembamba vilivyo chini ya pini ya juu, zinapunguzwa ili kubana, lakini bushi iliyokwisha haiponi kwa shimu. Nunua mpya.

Gari likivuta upande mmoja, shika habu baada ya safari. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inakamata. Zikilingana, kagua yu-boliti zinazofunga ekseli kwenye springi, na bushi za springi.

Vyote vikiwa vizima na mchezo bado upo, haya, gusa boksi. Hakikisha lina oili. Magurudumu yatazame mbele, legeza nati inayofunga skrubu ya pembeni, kaza skrubu kidogo kidogo, kisha zungusha usukani mpaka mwisho wa pande zote mbili. Ukikutana na uzito mahali popote, rudisha nyuma skrubu na ufunge nati.