SOMO: Kwenda Kalinzi kwa gari na kurudi Kigoma mjini siku hiyo hiyo

Wakuu, habari za leo. Kila likizo ikikaribia napigiwa simu zilezile: njia ikoje, gari gani, nikaone nini huko. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwa wageni: Kalinzi ni kijiji cha milimani, Kigoma Vijijini, kwenye barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu. Ni moja ya sehemu inakolimwa kahawa ya Kigoma. Mjini unaacha joto na michikichi, na kadiri unavyopanda michikichi inapungua, inabaki migomba, chini ya migomba kahawa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kahawa inaanzia huko kwenye 1,500. Beba sweta, hata kama mjini umeamka unatoka jasho.

Hatua ya 1. Jaza mafuta mjini au Mwandiga. Usiseme utajaza mbele.

Hatua ya 2. Kagua upepo wa matairi, maji ya rejeta, na oili ya breki. Hiyo ya mwisho irudie mara mbili, sababu iko hatua ya 6.

Hatua ya 3. Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Mnaelekea upande wa mpaka wa Burundi na mnaweza kusimamishwa. Mwenye NIDA anaonyesha, safari inaendelea.

Hatua ya 4. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwandiga unaingia barabara ya Manyovu, unapita Bitale, unapita Mkongoro, unafika. Lami yote ya Mwandiga–Manyovu ni kilomita 60 na Kalinzi iko kabla ya kuimaliza, kwa hiyo saa moja na kitu inatosha bila kukimbia. Asubuhi kuna ukungu kwenye makorongo: washa taa za chini, siyo ful, maana ful inakurudishia mwanga wako usoni. Kwenye vijiji ni 50. Watoto wanatembea pembeni ya lami kwenda shule na mbuzi hawana ratiba.

Hatua ya 5. Ukifika acha gari karibu na lami, tembea kwa miguu. Njia za ndani ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha robo saa tu zinateleza. Na kabla hujatoa simu kupiga picha, salimia. Asubuhi ni "mwakeye", jua likigeuka ni "mwidiwe". Salamu ya Waha, wenyeji wa huko, haina haraka: utaulizwa nyumbani, watoto, safari, na wewe uulize hivyohivyo. Nimeona wageni wamepita mbele ya mzee aliyekaa barazani kwake bila neno, halafu wanamwomba kijana wake awaonyeshe shamba. Hawakuonyeshwa kitu, na sikuwaonea huruma. Salimia, jieleze umetoka wapi, mtafute mwenyekiti wa kitongoji, omba. Ukimpata wa kukutembeza, mlipe bila kusubiri akuombe.

Hatua ya 6. KUSHUKA. Soma hii hata kama nyingine umeziruka.

Kupanda hakuna shida, gari inaunguruma, inafika. Shida ni kurudi. Mara ya kwanza nilikwenda na mama mkwe, shemeji wawili na watoto. Jioni tukapakia mikungu minne ya ndizi na debe la maharage. Gari ni otomatiki, nikashuka na D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, mguu kwenye breki muda wote, taratibu kabisa, nikijiona dereva makini. Kwenye mteremko wa pili nikasikia harufu kama plastiki inaungua. Nikadhani ni lori la mbele. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, pedali ikazama kama nimekanyaga godoro. Gari haikupungua. Nikavuta gia hadi L, ile ndogo kabisa, injini ikalia mpaka mama mkwe akashika dashibodi kwa mikono miwili, lakini ikashika. Nikaisogeza pembeni upande wa mlima na kuimalizia kwa breki ya mkono.

Kilichotokea ni hiki: ukibana breki mfululizo pedi na diski zinapata moto, moto unaingia kwenye oili ya breki, oili inachemka. Ikichemka inatoa mapovu ya mvuke. Oili haibonyei, mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu unazama na gurudumu halisikii kitu. Oili iliyozeeka huvuta unyevu na huchemka mapema zaidi. Yangu sikuwa nimeibadilisha tangu ninunue gari.

Kosa la pili nilifanya tukiwa tumeshasimama. Nilichukua chupa ya maji nikamwagia diski zipoe. Zikapiga mvuke kama chuma cha mhunzi. Kesho yake kila nikigusa breki usukani unatetemeka. Diski zote mbili za mbele zimepinda, nikanunua nyingine.

Kwa hiyo:
- Weka gia ndogo KABLA mteremko haujaanza. Kanuni ya wazee wa malori: shuka na gia uliyopandia.
- Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, iachiwe, ipumue, irudiwe. Usiiegemee.
- Usishuke na fri, yaani gari bila gia. Kamwe.
- Ukisikia harufu, tafuta pa kusimama mapema. Weka jiwe chini ya tairi, kaa nusu saa au zaidi. Usimwage maji.
- Anza kushuka saa tisa mchana, mwisho saa kumi. Giza, ukungu na mteremko usivikutanishe siku moja.

Hatua ya 7. Osha gari. Ule udongo ukikauka unang'ang'ania.

Maswali karibuni.

---

Dogo_wa_Katubuka: Mkuu gari ndogo kama IST inafika?

Mwandishi: Nimeandika kuna lami. Inafika.

Dogo_wa_Katubuka: Na breki zake zinahimili?

Mwandishi: Hatua ya 6. Isome yote.

Msafiri_Mwanza: Nakuja na familia mwezi wa saba. Nataka asubuhi Kalinzi, mchana nipitilize na gari hadi Gombe kuona sokwe, jioni nirudi hotelini. Inawezekana?

Mwandishi: Haiwezekani. Gombe huingii kwa gari, unakwenda kwa boti kutoka Kigoma. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ina taratibu zake na ada zake. Na sokwe hawakai wakikungoja wewe, kuwafuata porini kunaweza kula siku nzima. Gombe ipe siku yake, Kalinzi siku yake.

Msafiri_Mwanza: Kwenye ramani naona vimekaribiana.

Mwandishi: Ramani haikuonyeshi ule ukuta wa milima katikati. Ndugu yangu, mimi naishi hapa.

Mwalimu_Bi_Z: Shikamoo kaka. Nafundisha sayansi darasa la sita, nataka kuwapeleka wanangu wawili. Kuna nini cha kuwaonyesha hasa kwenye kahawa, ili wasiishie kuona majani tu?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana hili. Nenda msimu wa kuvuna, kuanzia Mei hivi hadi Agosti. Waonyeshe hatua kwa hatua. Kwanza kuchuma: zinachumwa nyekundu tu, mbichi zinaachwa. Pili zinamwagwa kwenye maji, zinazoelea zinaenguliwa, maana ndani ni tupu au zimeliwa na mdudu. Waache watoto waengue wenyewe. Tatu zinamenywa kwenye mashine, ganda jekundu linatoka, punje inabaki na ute. Hapo ndipo pazuri. Mzee mmoja alinipa punje mbili, mkono huu ya jana mkono huu ya leo. Ya leo ilinichopoka vidoleni, inateleza kama mbegu ya bamia. Ya jana ilikuwa imelala kwenye tangi na kuoshwa, inakwaruza kama changarawe. Ute haukupanguswa na mtu: vijidudu visivyoonekana kwa macho vinautafuna usiku kucha. Hilo ndilo somo la sayansi la wanao. Akaniambia ikilala kupita kiasi inachacha na mnunuzi ataisikia kikombeni, ikilala pungufu ute unabaki na haikauki sawasawa. Yeye hatazami saa, anachukua konzi na kuisugua. Mwisho ni vichanja, kahawa inaanikwa na kugeuzwa kila mara. Mwombe mtu awape punje kavu waing'ate. Kavu kweli jino linagoma.

Mwalimu_Bi_Z: Nimeinakili yote kaka, ahsante. Naweza kununua kahawa palepale shambani?

Mwandishi: Iliyokaangwa na kusagwa, uliza, ukiipata nunua. Ile mbichi ya mkulima usiiguse, kahawa inapita kwenye chama cha ushirika. Usimtie mwenyeji wako matatani.

Fundi_Mwanga: Mimi milima hiyo nashuka na fri miaka yote, naokoa mafuta. Acha kutisha watu.

Mwandishi: Sitishi mtu, naeleza kilichonikuta nikiwa na watoto wa watu ndani. Na mafuta huokoi. Gari hizi za sasa ukishuka na gia bila kukanyaga pedali ya mafuta, injini inazungushwa na magurudumu na mafuta yanakatwa. Ukiweka fri injini inabidi inywe ili isizime. Wewe ni fundi, hili unalijua.

Mama_Naa: Yangu ni otomatiki lakini haina L, ina D na B tu. Nafanyaje?

Mwandishi: Hiyo B ndiyo yenyewe dada. Itie ukiwa umepunguza mwendo, kabla ya mteremko, utasikia gari inajishika. Wenye alama ya kujumlisha na kutoa, vuta kwenye kutoa hadi 2. Zenye kitufe cha O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa), kizime. Kinasaidia kidogo, ila mteremko mkali shuka hadi 2 au L.

Mgebuka_Mkavu: Nje ya mada kidogo. Nampelekea shangazi yangu Kalinzi dumu la mawese. Mara ya mwisho lilimwagika kwenye buti, harufu miezi miwili.

Mzee_wa_Mwandiga: Usilijaze hadi shingoni. Acha nafasi ya vidole vinne, tandika nailoni kwenye mdomo ndipo ufunge kifuniko, halafu libane wima katikati ya viatu na begi. Likivuja, mwaga majivu kwanza, usikimbilie sabuni.

Mwandishi: Majivu nathibitisha. Na mwambie shangazi asishtuke mawese yakiganda kule juu, ni baridi tu. Aweke dumu juani, yatalegea.