Dakika tano za mwisho, daftari limefungwa: namna ya kutafakari somo kwa ushahidi wa wanafunzi

Chini ya kila andalio la somo pana nafasi ya tafakuri. Ukiyafungua maandalio mengi utakuta pale maneno mawili: "Somo limefaulu." Limefaulu vipi, kwa nani, na umejuaje? Tafakuri isiyo na ushahidi ni hisia tu, na ushahidi unaofaa ni ule uliomo vichwani mwa wanafunzi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutoa, kuusoma na kuutumia. Ninaufuata hapa Lamu katika Masomo ya Jamii na Hisabati, kwa watoto wa Gredi ya 6 hadi ya 9. Hauhitaji umeme wala intaneti. Hatua ya sita ni ya wanafunzi na wazazi wao, kwa hiyo wasomewe hata kama mengine hayawahusu.

Hatua ya 1: Andika jambo moja utakalolipima

Usiandike "mwanafunzi aelewe pepo za msimu". Kuelewa hakuonekani. Andika "mwanafunzi aeleze kwa nini upepo wa kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi". Hapo utajua mwisho wa kipindi kama ameweza au hakuweza.

Hatua ya 2: Funga madaftari

Katika kipindi cha dakika 40, zikibaki tano, simamisha kufundisha hata kama hujamaliza ulichopanga. Madaftari na vitabu vifungwe. Kila mtoto achukue nusu karatasi, nawe uandike maswali matatu ubaoni: moja la leo, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wajibu kwa maneno yao wenyewe, kimya, bila kuulizana.

Usitoe alama. Hili nalisisitiza, kwa sababu alama zikiingia tu, jicho la mtoto linahamia kwenye karatasi ya jirani, na wewe unabaki na majibu ya mtoto mmoja yaliyonakiliwa na wanne. Waambie wazi kwamba karatasi hii ni ya kumsaidia mwalimu kujua afundishe nini kesho.

Chukua mfano wa pepo hizo hizo. Swali: "Upepo wa kusi huvuma kutoka wapi kuelekea wapi?" Ungedhani watoto wa Lamu hawawezi kulikosa. Wengi wao wamezaliwa katika nyumba ambazo kusi ikichafua bahari, mashua haitoki na kitoweo kinapanda bei. Lakini soma karatasi zao: "Kusi ni upepo unaokwenda kusini." Jibu hili hurudi kila mwaka, na si la watoto wavivu. Wameona mshale kitabuni, na ncha ya mshale ndiyo inayovuta jicho, basi wakalipachika jina kwenye ncha. Halafu kuna yule ambaye babake ni nahodha, ameandika: "Kaskazi hutoka kaskazini, ndiyo majahazi ya Uarabuni yalikuja nayo, yakarudi na kusi." Huyu ameishika picha nzima. Kama ungeuliza darasa zima "Mmeelewa?", wote wangeitikia "Ndiyo, Mwalimu!" kwa sauti moja, na usingeijua tofauti iliyopo baina yao.

Kufunga daftari hakumsaidii mwalimu peke yake. Kule kukumbuka kwenyewe ni kujifunza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walisoma, kisha wakaandika walichokikumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka waliwapita mbali. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba watakumbuka. Mzazi anayemwona mwanawe amekiinamia kitabu usiku kucha na bado anaanguka mtihani, sababu mojawapo ni hiyo.

Hatua ya 3: Panga mafungu siku hiyo hiyo

Kabla hujatoka shuleni, gawa karatasi mafungu matatu: waliopata, waliokaribia, waliopotea. Usisahihishe, panga tu. Hata darasa la watoto hamsini halitakuchukua muda mrefu. Kisha chagua kosa moja linalojirudia, ulinakili neno kwa neno. Maneno ya mtoto mwenyewe yana thamani kuliko muhtasari wako, kwa sababu yanaonyesha njia aliyopitia akafika pale.

Hatua ya 4: Jiulize maswali matatu

Nini kimetokea? Kina maana gani? Sasa nifanye nini? Terry Borton, mwalimu wa Marekani, aliyaeneza maswali haya mwaka 1970, na hadi leo sijaona yanayomfaa zaidi mwalimu aliyechoka saa kumi jioni. Graham Gibbs naye alitoa mzunguko wa hatua sita mwaka 1988, ambao unaingiza hata hisia zako. Huo ni mzuri kwa jambo zito, mfano darasa lililokushinda muhula mzima. Kwa kila siku ni mrefu mno, na kirefu huachwa.

Tafakuri ya kipindi cha pepo inaweza kuandikwa hivi:

*Zaidi ya nusu wameandika kusi inakwenda kusini. Wanafuata ncha ya mshale, hawajajua kwamba upepo huitwa kwa unakotoka. Jumatano nianzie uwanjani: wasimame wakiupa upepo uso, kila mmoja anyooshe mkono unakotoka, ndipo tutaje jina. Kisha warudi darasani wachore mshale wakianzia mkiani.*

Mistari minne tu. Ukiisoma mwakani kabla ya kufundisha mada hii, itakufaa.

Hatua ya 5: Rudi kwenye kosa, na urudi tena

Fungua kipindi kinachofuata kwa kosa lile, bila kumtaja mwenyewe. "Kuna jibu hapa limeandikwa hivi. Lina ukweli gani, na limepotea wapi?" Kisha uliza swali hilo tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, halafu kasi hupungua. Kurudi kwa vipindi ndiko kunakoziba pengo hilo.

Watoto wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Anayehifadhi Kurani chuoni humsomea maalim sehemu mpya huku msahafu umefungwa, na hurejeshwa nyuma kwenye zile za zamani ili zisimponyoke. Waulize darasani, "Chuoni mnadurusu vipi?" Watakueleza vizuri kabisa. Kinachobaki ni kuwaonyesha kwamba Sayansi na Jiografia nazo hudurusiwa hivyo, ila huku swali la "kwa nini" lazima liwepo. Mtoto anaweza kukariri kwamba kaskazi huvuma Januari bila kujua kwamba wakati huo bara la Asia limepoa, hewa yake ni nzito, nayo husukumwa kuja upande wetu kwenye joto.

Hatua ya 6: Kwa mwanafunzi, nyumbani

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipima mbinu kumi za kusoma. Kujipima na kugawa masomo kwa siku tofauti ziliongoza. Kurudia kusoma na kupigia mistari kwa kalamu ya rangi zilikuwa miongoni mwa zilizofaa kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kunja ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika maswali, kulia majibu. Funika kulia, jibu kwa sauti, kisha fungua uhakikishe. Mama, dada au bibi anaweza kulishika daftari akakuuliza hata kama somo lenyewe halijui.

Katika Hisabati, changanya maswali. Ukifanya hesabu kumi za eneo mfululizo, ya kumi unaifanya bila kufikiri. Changanya eneo na mzingo, ili kila mara ulazimike kuamua: naulizwa mkeka wa kujaza chumba, au ua wa kuuzunguka uwanja? Uamuzi huo ndio mtihani unaoutaka.

Ukirudishiwa karatasi ya mtihani, usiishie kwenye alama. Kando ya kila kosa andika moja kati ya haya: *sikujua*, *nilisahau*, *sikulisoma swali*. La kwanza litakupeleka kwa mwalimu, la pili kwenye ukurasa uliokunjwa, na la tatu linataka upigie mstari neno linaloamuru: *eleza*, *taja*, *linganisha*.

Hatua ya 7: Mwalike mwenzako

Mara moja kwa muhula inatosha. Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa, asikutazame wewe. Mpe watoto watatu wa kuwaangalia, mmoja kutoka kila fungu la hatua ya 3, aandike wanachofanya: nani ameandika kabla ya kufikiri, nani amenyamaza, nani amemtazama jirani. Ziara hii isiingie katika tathmini ya utendakazi wala isifike mezani kwa mwalimu mkuu, ama sivyo utafundisha kwa ajili ya mgeni. Baada ya kipindi akupe karatasi yake kwanza, uisome, ndipo mzungumze.