Sala ya jioni iwe kabla ya chakula

Wenye watoto wa miaka miwili hadi mitano, msisubiri wale kwanza. Baridi ya Moshi ya Juni na Julai ikikaza, mtoto aliyeogeshwa maji ya moto akashiba ndizi anasinzia palepale. Ukimwamsha aombe, sala inageuka adhabu. Kusanyikeni sufuria ikiwa bado jikoni. Imbeni wimbo mmoja wa kupiga makofi, kisha 1 Wathesalonike 5:16: "Furahini siku zote." Maneno matatu tu. Rudieni mstari huohuo wiki nzima, maana mkibadilisha kila siku hashiki hata mmoja. Halafu kila mtoto ashukuru kwa kitu kimoja. Akimshukuru Mungu kwa paka, itikieni Amina bila kucheka. Bibi akiomba, mwombeni afupishe (kazi kweli!), dakika moja inatosha.